Rangi Nyekundu kwenye Paja la Kaptula

Walisema sitamaliza mwaka. Sokoni Mpuguso walisema nikiwa nimesimama hapo hapo, huku wakichambua maharage: mtu amekaa Dar miaka kumi na mmoja, ana stashahada ya mifugo yenye muhuri, halafu anarudi Lufingo kufuga ng'ombe wa kienyeji, wale wafupi wenye nundu, wa maziwa kikombe. Mmoja aliniambia hiyo stashahada nifungie maandazi. Leo nina ng'ombe wa asili kumi na wanne kwenye eneo lisilofika ekari mbili, na yule wa maandazi hununua mtindi kwangu. Simtaji jina. Anajijua.

Siandiki haya ili nijisifu, ingawa sababu ninazo. Juzi nilifungua kopo la rangi nyekundu nipake mlango wa zizi. Harufu yake iliponipanda puani, mkono ukasimama. Nikawa mtoto wa miaka tisa tena, kwenye migomba iliyolowa umande, sielewi kitu.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipokuwa linaingia mpaka vijijini. Maduka ya Tukuyu yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalijaa redio na viatu vya mtumba, na watu tusiowajua wakaanza kupita milimani wakiuliza nani ana nini cha kuuza. Sisi tulikuwa na Kaptula. Alikuwa ng'ombe mdogo, mweusi, weusi wake ukiishia magotini na chini miguu myeupe, kwa hiyo siku zote alionekana kama mwanafunzi aliyechelewa shule. Nilizaliwa nikamkuta. Tulimfunga nyuma ya jiko, na ukuta wa upande ule ulikuwa na joto lake hata siku za baridi kali. Mimi ndiye niliyemkatia majani ya mabingobingo na kumpasulia magogo ya migomba. Maziwa yake mengi yalikwenda kwa mdogo wangu Tumpe, ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Mama alikuwa ameugua sana na maziwa yake yalikauka.

Siku moja baba akiwa shambani alikuja kijana wa buti za mpira, mwenye daftari na kopo la rangi. Alisema kuna wanunuzi wapya wa maziwa, na yeye anaandika kila nyumba yenye ng'ombe.

"Huyu wa nani?"

"Wetu," nikasema.

"Anatoa kiasi gani?"

"Ndoo."

"Ndoo ipi?"

Nikamwonyesha ndoo kubwa kuliko zote, ya kufulia. Alicheka, lakini aliandika. Kisha akachovya brashi, akampaka Kaptula pajani namba na herufi mbili za mwanzo za jina la baba. Nilijiona nimefanya kazi ya mtu mzima.

Baba aliporudi aliitazama ile rangi, akaketi kwenye kinu kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Hakunipiga. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Siku ya tatu akafika Mzee Ambokile, rafiki yake wa bonde la pili, akiwa na kamba begani. Alizunguka nyuma ya jiko, akasoma herufi zile taratibu, moja moja.

"Naona nimefariki," akasema. "Maana mrithi ameshaandikwa."

Baba alivua kofia. Mzee akamfungua Kaptula, akaanza kumvuta. Nami nilingoja baba amzuie. Badala yake, baba alikwenda kufungua ua, akamvunjia hata fimbo ya kumswagia.

"Baba, anaiba," nikalia.

"Nyamaza, Lusajo. Mwenye mali haibi mali yake."

Usiku ule Tumpe alilia mpaka sauti ikawa ya paka. Uji hakuutaka. Kesho yake alilia kidogo zaidi, na mama akasema kulia kidogo ndiko kubaya.

Baba akanichukua kwa miguu mpaka Mpuguso, kwenye nyumba nisiyoijua. Nyuma ya nyumba ile alifungwa ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, na ndama pembeni. Mama wa pale alitupokea kwa furaha. "Baba Lusajo, umechelewa," akasema. "Ng'ombe wako amezaa jike, na sisi tunakunywa tu maziwa." Akatujazia kibuyu.

Ng'ombe wako. Nilimtazama baba kama vile ametoa sungura mfukoni. Njiani nikamuuliza kwa nini tusimlete yule mwekundu nyumbani, Tumpe anywe, tusimsumbue mtu. Akaniambia ana mwingine pia, karibu na Igogwe. Nikazidi kuchanganyikiwa.

"Ng'ombe akiwa kwangu, nina ng'ombe," akasema. "Akiwa kwa rafiki, nina ng'ombe na nina mlango wa kubisha hodi. Maziwa na samadi ni vya anayemlisha. Ndama ni wa mwenyewe, na siku moja mlishaji naye hupewa wake."

Nilihesabu kwa vidole nikishuka mlima. Wetu hakuwa wetu. Wa kwao alikuwa wetu. Na mwizi, kumbe, nilikuwa mimi.

Jumamosi tulikwenda kwa Mzee Ambokile, baba kabeba mafuta ya taa na majivu. Nilisugua lile paja mbele ya nyumba nzima. Mzee aliketi kwenye kigoda akisimamia, mkewe, Bibi Subilaga, akicheka nyuma ya kitenge.

"Sugua na hapo," mzee akasema. "Hapo bado baba yako anasomeka."

Rangi ilipobaki wekundu hafifu, akanipa kamba mkononi. "Haya, mrudishe. Mtoto asife kwa ajili ya herufi mbili." Baba akasema ndaga, asante ya kwetu, wakanywa chai, wakaongea habari za mvua. Jioni Tumpe alikunywa akalala na povu mdomoni. Mimi sikulala mapema. Kama mzee alikuwa anarudisha, kwa nini alichukua?

Swali hilo nilikwenda nalo chuoni. Siku moja mwalimu alituonyesha picha ya yaki, ng'ombe wa milima ya Asia mwenye manyoya yanayofagia ardhi. Alisema wenyeji wa kule hawamwachi, kwa sababu ndiye anayeijua baridi yao. Darasa lilicheka. Mimi nilimwona Kaptula kwenye mvua ya Rungwe, kupe hawamwangushi, mgomba mmoja unamtosha, na hapo ndipo nilipojua nitafuga nini.

Niliporudi, baba hakuwepo tena duniani na benki hazikutaka hata kuniona nimeketi. Nyumba tano zikanikopesha mtamba mmoja mmoja, nikiahidi kurudisha mtamba kwa mtamba. Niliamini ni stashahada iliyowashawishi. Kila nyumba niliipelekea nakala. Ya Bibi Subilaga, mjane sasa, niliikuta baadaye imefunika kibuyu cha mtindi.

Mwaka huu nililipa wote. Wanne wa kwanza nilimaliza kwa wiki moja, kila jina nikilikata kwa kalamu kwenye daftari langu la madeni. Wa tano alikuwa Bibi Subilaga. Nilimpelekea mtamba mweusi mwenye miguu myeupe, bora kuliko aliyenipa, na nikamwonyesha daftari.

Alimpapasa mtamba mgongoni.

"Kwa hiyo tumemalizana?"

"Tumemalizana, Bibi. Sidaiwi na mtu Rungwe nzima."

"Mume wangu na baba yako hawakumalizana mpaka wanaingia kaburini," akasema, akageuka kuchochea moto.

Nilisimama pale na kalamu yangu. Nilikuwa nimetembea bonde zima nikijisifu moyoni, na sasa sikujua niweke wapi mikono. Ndipo nikaelewa ile kamba ya Mzee Ambokile. Hakuwa amekuja kuchukua ng'ombe. Alikuja kuuliza kama baba bado ni rafiki yake, maana ile rangi ilikuwa imejibu hapana. Na wale watamba watano hawakukopeshwa kwangu. Walikopeshwa kwa mwana wa mtu ambaye milango yote ile aliiacha wazi.

Nilikwenda nyumbani nikarudi kabla ya jua kuzama, nikiwa na mtamba mwingine kwenye kamba, wa kwangu mwenyewe.

"Bibi, naomba huyu akae kwako. Maziwa ni yenu."

Alitoka jikoni akifuta mikono, akamzunguka kama mumewe alivyofanya, akamtazama paja la kushoto, akatazama la kulia.

"Nitamtunza," akasema. "Ila usimpake rangi."