Chumba Kisicho na Uvungu

Shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi Wajaluo humwita waya, ana ugonjwa ambao hospitali haijaupatia dawa: hawezi kulala ugenini zaidi ya usiku mmoja. Ukimkaribisha, anafika na mfuko wake wa nailoni, anauweka nyuma ya mlango wa sebule, na mfuko ule haufunguliwi. Kesho yake, kabla chai haijachemka, ameshaushika. Kuku wanamngoja kwake Rangwe. Mbuzi wanamngoja. Ukimbembeleza sana, hata mihogo inamngoja.

Mwaka jana daktari alimpima presha, akatikisa kichwa, akamwagiza apumzike wiki nzima mbali na jembe. Waya akamjibu kwamba yeye daktari ndiye anayeonekana kuchoka. Mimi nikaingilia kati, nikasema atakuja kwangu Migori na safari hii atakaa. Nilisema hivyo kwa sababu nampenda, na kwa sababu niliogopa. Waya ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Sikuwa tayari kumpoteza kwa ajili ya mihogo.

Basi nikakata shauri: nitampa chumba ambacho mtu hawezi kukiaga.

Chumba chetu cha wageni kilikuwa na viti viwili vya mbao na kitanda cha chuma. Kitanda hicho kilitoka kwa waya mwenyewe. Nilipokuwa mtoto kwake nililala chini, kwenye mkeka wa mafunjo, mpaka siku nilipofaulu kwenda sekondari. Siku hiyo alikileta kutoka sokoni vipande vipande kwenye keria ya baiskeli, yeye nyuma akisukuma, springi zimefungwa mgongoni kama mtoto. Tulipokiunga nilitaka kurukia, akanidaka mkono. "Osha miguu kwanza," akasema. "Wewe sasa si mtu wa sakafu." Nilipoolewa, alinipa nije nacho.

Dada niliyemfuata kwenye simu hakukipenda kitanda cha aina hiyo. Alikuwa dada mmoja wa Nairobi mwenye sauti ya kumlaza mtoto mchanga, na video zake zilifundisha mtindo wa boho. Boho ni kifupi cha bohemia, na bohemia, kama nilimwelewa vizuri, walikuwa watu wa Ulaya ya zamani ambao hawakuwa na pesa lakini walikuwa na mito mingi. Dada alisema mwili wa mgeni uwe karibu na ardhi. Mwanga uwe hafifu. Vitu vigumu vitoke. Kila kitu kiwe cha asili na kiwe na historia. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimezoea kufuata silabasi, nikaifuata.

Nilikwenda hadi Homa Bay, ziwani, kutafuta wavu wa kutundika darini. Ufuoni nilimkuta mzee akishona nyavu, nikamwonyesha mmoja uliotupwa pembeni.

"Hiyo imeisha, nyathina," akaniambia, yaani mwanangu. "Unaenda kuvua wapi na hiyo?"

"Si ya kuvua, baba. Ni ya kuweka kwa dari."

"Dari iko na samaki?"

Nikamweleza habari za mtindo. Alinisikiliza kwa upole, kisha akanipa wavu bure, kwa uso ule ambao watu humwekea mgonjwa. Niliufua mpaka vidole vikachubuka, nao ukaendelea kunuka omena, wale dagaa wa ziwani. Paka wa jirani akahamia kwetu rasmi.

Niliongeza mikeka ya mafunjo ukutani na sakafuni, ungo juu ya dirisha, na chungu kikubwa nilichokijaza nyasi kavu. Mama aliyeniuzia chungu aliuliza kama nyasi zile ni za ng'ombe. Mume wangu hununua ng'ombe mnada wa Ogwedhi na kuwauza mjini, kwa hiyo macho yake yamezoea kukagua. Alisimama mlangoni akakitazama chumba jinsi anavyomtazama ndama aliyelegea miguu.

"Hii itapona?" akauliza.

Nilimwambia hana jicho la urembo.

Siku ya waya kufika, mume wangu aliondoka alfajiri kwenda mnadani, na kama kawaida simu yake ikaisha chaji mapema. Mimi nikamalizia kazi. Nilikitoa kitanda nje nikakiegemeza ukutani. Viti nikavitoa. Hata makochi ya sebuleni niliyapanga barazani, kwa kuwa dada wa Nairobi alisema utulivu huanzia mlangoni. Godoro nikalilaza chini. Nikawasha mishumaa mchana kweupe na kufukiza ubani mwingi, macho yakaniwiva. Nilikuwa nimevaa dera jeusi, kitambaa kichwani, miguu mitupu. Nilijiona bohemia kamili.

Waya alifika getini. Akaona makochi nje. Akaona kitanda nje. Mfuko wa nailoni ukamwanguka.

"Uwi! Uwi! Ng'a motho?"

Nani amekufa? Ndipo nami nikaona alichokiona. Kwetu mtu akifariki, viti hutolewa nje, magodoro hushushwa chini, na wanawake hukaa hapo wamenyoosha miguu, mwenye msiba katikati yao. Nilikuwa nimeandaa matanga, tena matanga ya heshima. Kilichokosekana ni marehemu tu.

Nilimkimbilia ili nimweleze, lakini mtu mwenye dera jeusi na macho mekundu akikimbilia mtu anayelia hawezi kueleza chochote. Alinikumbatia akauliza mume wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko Ogwedhi. Akauliza mwili utaletwa lini.

Jirani wa mkabala, mama Mkuria mwenye asili ya Ntimaru, alikuwa wa kwanza kuingia, chupa ya chai mkono mmoja na sukari mkono mwingine. "Pole, mama. Pole kabisa. Na jana tu alikuwa anaosha pikipiki hapa." Nyuma yake wakaja akina mama wa kanisa, wimbo umeshaanza tangu barabarani. Akaja na mwenye hema na viti vya kukodisha, mtu ambaye hunusa msiba kabla haujatokea, akaanza kupima uwanja kwa hatua.

"Hakuna mtu amekufa!" nikapiga kelele. "Ni boho! Ni urembo!"

Jirani akanivuta kifuani pake. "Muache aongee," akawaambia wenzake. "Uchungu inasema mambo mingi."

Kwa hiyo niliketi kwenye godoro langu la boho, katikati ya wanawake walionyoosha miguu kwenye mikeka yangu, na lazima nikiri kwamba chumba kile hakijawahi kupendeza kama saa hiyo.

Saa tisa pikipiki ikaingia. Wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Mume wangu akavua helmeti, akaona makochi, akaona watu, akashusha sauti kama mtu mwenye adabu.

"Poleni sana. Ni nani?"

Mwisho mama wa Ntimaru, ambaye hapendi swali likose jibu, akasema, "Ni wewe."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Watu hawakuondoka, maana sukari ilikuwa imeshaingia kwenye chai, na mume wangu akapewa kikombe cha kwanza katika matanga yake mwenyewe. Mwenye hema pekee ndiye aliyesikitika.

Waya hakucheka. Aliketi kwenye kochi barazani, mfuko mapajani. "Nipeleke steji," akaniambia. Hata ule usiku wake mmoja alikuwa ameufuta.

Roho iliniuma. Nilipiga magoti mbele yake nikasema chumba ni chake, kwamba kila kitu nilikiweka ili apumzike, hata wavu.

"Nyathina," akasema kwa Kijaluo, polepole, bila hasira. "Nililala chini nikimlilia bwana yangu. Nikalala chini nikimlilia mama yako. Siku zile sikupumzika." Akakigeukia kitanda kilichoegemea ukuta. "Na hiki kimekukosea nini?"

Silabasi ilikuwa imeishia hapo.

Nilimwita mume wangu. Yeye akashika kichwani, mimi miguuni, tukakirudisha kitanda ndani huku wanawake wakitupisha na kutushangilia. Tukaliinua godoro. Wavu ukashushwa, paka akaufuata nje akilalamika. Mishumaa nikaizima, pazia nikalifungua.

Waya aliingia akabonyeza godoro kwa kiganja, springi zikalia mlio wao uleule wa zamani. Kisha akainama, mkono mmoja kiunoni, akausukuma mfuko wake wa nailoni uvunguni mpaka ukagusa ukuta. Maisha yangu yote sijawahi kuuona mfuko ule ukivuka sebule. Nikalia, na safari hii hakuna aliyenipa pole.

Alijilaza. Nje walikuwa wameanza wimbo mwingine, wa furaha, na mtu alikuwa akiomba chai iongezwe. Waya akafumba macho, akasogea ukutani, akapigapiga nafasi iliyobaki kando yake.

"Panda," akasema.

Nikaweka goti kitandani.

"Miguu umeosha?"

Nikashuka, nikaenda kuosha.