Kiingereza cha Baba Mkwe

Kwetu Ileje, enzi za Mwingereza, mke wa mtu hakuonana na baba mkwe wake. Sisemi kuinamisha kichwa ukimwona. Ukisikia hatua zake njiani unaingia kichakani, hata kama umejitwika mtungi wa maji, na ukitoka umelowa unashukuru kwamba hakukuona. Kusemeshana ndiyo usiseme. Baba mkwe alipokuwa na neno nami alimwambia mama mkwe, naye akaniletea, mara nyingi akiwa ametia chumvi.

Baba mkwe wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa misheni, na mimi nilikuwa nimesoma shule ya wasichana hadi darasa la sita. Kwa hiyo katika mji ule tulijua Kiingereza watu wawili tu, na hao wawili ndio tuliokatazwa kuzungumza. Nilipokuwa bibi harusi jambo hilo lilinichekesha. Mwaka ule ninaousimulia halikunichekesha hata kidogo.

Mume wangu alikuwa amekwenda Rodeshia ya Kaskazini, kwenye migodi ya shaba. Mwanzoni salamu zilikuja, kisha zikakatika. Halafu ikavuma pale kijijini kwetu Ikinga kwamba mgodi umeporomoka na vijana wa kwetu wamefukiwa. Huyu anasema wamekufa wote, yule anasema hakufa mtu. Wanawake wakaanza kunisalimia kwa sauti ya msibani, kisha hapohapo wananiomba chumvi. Sikujua niwajibu kama mke wa mtu au kama mjane.

Baba mkwe akapanda baiskeli kwenda Tunduma, maana waliotoka migodini walivukia pale. Alisema hatarudi bila kumpata mtu aliyemwona mwanawe kwa macho. Huku nyuma mama mkwe akaitwa aende Ihanda, binti yake amejifungua. Nikabaki na mbuzi.

Baba mkwe alirudi alasiri moja, majirani wakiwa bado mashambani. Niliposikia baiskeli nilijificha nyuma ya kihenge cha mahindi. Akamwita mkewe, kimya. Akaita tena, na mimi niliyejua alikokwenda mama mkwe sikuwa na ruhusa ya kumwambia. Nikamchungulia. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alijua niko wapi, kwa sababu alikigeuzia kihenge mgongo. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasani, "I wish to acquaint you with..."

Akaishia hapo.

Acquaint tulifundishwa shuleni. Maana yake ni kumfahamisha mtu jambo, lakini kiofisi, kama umefunga vifungo vyote vya shati kwanza. Mwalimu wetu alisema neno hilo hubeba habari yoyote, njema na mbaya, na hapo ndipo lilipoanza kunitesa. Kama mume wangu mzima, kwa nini aanzie mbali hivi? Kama amekufa, kwa nini hakuingia nyumbani akilia, kama wanavyofanya watu? Tena sikuwa na hakika hata kama nimesemeshwa. Kiingereza kilihesabiwa kuwa kusema? Hakuna aliyewahi kutuambia.

Akaanza upya maneno yaleyale, akaishia palepale. Mara ya tatu nikapandwa na hasira. Nililichukia lile neno, nikauchukia na ule mgongo. Nikatoka nyuma ya kihenge, nikamwuliza kwa Kindali, lugha yetu ya nyumbani, "Baba, amekufa?"

Akafunika uso kwa kofia. Alipojibu, alijibu kwa Kindali vilevile.

"Hajafa. Ana mke huko, na mtoto. Amesema asisubiriwe."

Nikasema asante Mungu. Kisha nikajiuliza ninashukuru nini. Nilicheka, nadhani, kwa sababu nakumbuka baba mkwe alishtuka. Majirani waliporudi walianza kulia, wakaambiwa ni mzima, wakanyamaza, wakaambiwa yaliyobaki, wakabaki wanatazamana. Mmoja alinipa pongezi, kisha akarudi kuomba radhi. Mimi nilikwenda kusenya kuni. Nilifanya kazi kama punda siku zile, macho makavu, kichwa kimejaa ukungu.

Mama mkwe aliporudi, wazee wa ukoo walikaa. Sikujua wamekusanyikia nini mpaka niliposikia kwamba mwenye kesi ni mimi: nimesema na baba mkwe uso kwa uso. Baba mkwe akaeleza kwamba yeye ndiye aliyeanza. Wakabishana sana, wakakata shauri kuwa Kiingereza ni cha shule na ofisi, hakihesabiwi. Kindali kinahesabiwa. Kosa ni langu, na kosa hilo huondolewa kwa mbuzi.

Mbuzi hutolewa na mume. Kama mume hayupo, hutolewa na baba wa mwanamke, naye akishatoa humchukua binti yake akaondoka naye. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Kaka zangu walikuwa wameolea ng'ombe wa mahari yangu, na wake zao walikuwa wameniambia waziwazi kwamba kule hakuna nafasi. Nilisikiliza kutoka jikoni nikitafuta mahali duniani ambapo ningelala, sikupata.

Baba mkwe akainuka, akamfungua mbuzi wake mwenyewe. Mdogo wake akamzuia, akamwambia aliyekosewa hajilipi, haijapata kutokea. Akamwuliza anamtoa mbuzi yule kama nani.

"Kama baba yake," akasema. "Na nimekwisha kumchukua. Amefika."

Wazee wakaanza kulipima jibu lile. Kama mimi ni binti yake, basi sina kosa, na kama sina kosa mbuzi ni wa nini? Hakuna aliyeweza kulifungua fundo lile, na kwa kuwa mbuzi alikuwa amekwisha kuchinjwa, wakamla.

Kesho yake nilikuwa nasonga ugali. Baba mkwe akaingia jikoni, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu niolewe, akavuta kigoda akakaa karibu na moto. Sikujua nikimbie, nipige magoti, au niendelee kusonga. Sikujua nimwite nani.

"Tangu nilete habari ile hujalia," akasema. "Mbele ya mkwe huwezi. Mbele ya baba yako unaweza."

Nikauacha mwiko chunguni. Nililia mpaka ugali ukaungua, naye akaula hivyohivyo.