Matanga Ndani ya Picha

Hénock wa Lubumbashi hakuwa mchoraji wa kubahatisha. Katika karakana ya fremu ya Zuhura, mwanamke wa Tanga mwenye duka pale Newtown, ugenini kwao wote wawili, hakuna aliyemshinda kunakili picha za kale za Ulaya. Safari hii mteja kutoka Sandton, mtaa wa matajiri, alitaka kanisa kuu la mtindo wa Gothiki, linakiliwe kutoka picha ya karne ya kumi na tisa: nguzo ndefu, matao yaliyochongoka, sakafu tupu. Tupu kabisa, hata paka hamna.

Zuhura alimwonya mapema, maana tangu afiwe na mkewe Jeannine, Hénock alikuwa ameshaharibu kazi mbili. "Hii ikirudishwa, kaka Hénock, nafasi yako nampa mwingine. Uchungu wako naujua, lakini duka haliendeshwi kwa machozi." Maneno makali, ila alikuwa na haki. Bila karakana ile, Hénock angerudi kuuza soksi kwenye taa za barabarani.

Alipigilia msumari katikati ya turubai, akafunga uzi uliopakwa chaki, akavuta kutoka hapo mistari ya matao yote. Siku nne mkono haukutetereka. Ya tano akaitazama sakafu ile tupu, akakumbuka maziko ya mkewe. Jeannine alizikwa mbele ya watu sita tu. Wiki ile wageni wa nchi nyingine kama wao walikuwa wakiwindwa mitaani, kila mtu akajifungia kwake, na mwanamke aliyeimba kwaya miaka kumi na moja akaenda kaburini bila wimbo wa maana. Kwao, msiba wa watu sita ni tusi.

Basi akawachora waliokosekana, humo humo kanisani. Wanakwaya na vitenge vyao, mama wadogo, majirani wa Lubumbashi, wakajaa hadi mlangoni. Usiniulize alifikiri nini. Mwenye msiba hafikiri.

Mteja alipofika alikunja uso. Aliagiza utulivu, alisema, si soko. Watu watoke, la sivyo hachukui.

Zuhura aliweka kitambaa na tapentaini ya kufutia rangi mbele ya Hénock. Rangi ilikuwa bado mbichi. Hénock akawafuta mmoja mmoja, akiwaomba radhi kwa kunong'ona "pardon, mama, pardon," hadi sakafu ikabaki tupu. Mteja akasema sasa ndiyo yenyewe.

"Umeokoa nafasi yako," Zuhura alimwambia Hénock baada ya mteja kuondoka.

Hénock alikuwa amekaa chini, kitambaa mkononi, analia bila kujificha. "Siku ya kuzika Jeannine habakukuya, dada. Leo balikuya bote, na ni miye nimebafukuza."