Sauti ya Nne Kwenye Karaoke

Jumapili mchana, kwenye baa moja ya mtaa wa Soweto, hapa mjini kwetu chini ya mlima, kazi yangu ilikuwa kuwachagulia nyimbo za karaoke watu wasiojua kuimba. Niliwapa nyimbo fupi, zisizopanda juu, zenye kiitikio kirefu ili wateja wengine wawabebe. Na hao wasiojua ndio waliokuwa hawataki kuachia maiki.

Siku moja akaja baba yangu mdogo, ameshuka kutoka kijijini kwao mlimani baada ya ibada. Kwenye kwaya ya usharika wao anaimba sauti ya nne, besi, tangu sijazaliwa, na hajawahi kumsikiliza mtu mwingine akiimba bila kukunja uso. Nikampa wimbo wa harusi ambao hata watoto wa chekechea wanaujua.

Muziki ukaanza. Baba mdogo akasimama wima, mikono nyuma, kimya. Ubeti wa kwanza ukapita wote. Kiitikio kilipofika akanguruma mara mbili, kama ng'ombe wa zizini anayedai majani, kisha akanyamaza tena. Watu wakampigia makofi ya kumhurumia.

"Umenichagulia wimbo mbovu," akaniambia akirudisha maiki. "Wale wa sauti ya kwanza, soprano, hawakuingia."

"Baba mdogo, hapa hakuna soprano. Uko peke yako. Unaimba wimbo wenyewe."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Wimbo wenyewe ni kazi ya soprano. Mimi huwa nausikia tu."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anawakunjia watu uso kwa kukosea nyimbo asizozijua.