Swali la Bibi Kuhusu Moshi wa Miwa

Siku niliyokwenda Ruaha kujitambulisha ukweni nilivaa kanzu nyeupe, kosa la mtu aliyekulia Kilosa mjini. Ulikuwa msimu wa kuvuna, na huko mashamba ya miwa huchomwa kwanza ili majani yapungue, ndipo miwa ikatwe. Tulipofika uani, mimi na mjomba wangu aliyekuwa mshenga, masizi yalikuwa yakinidondokea mabegani kama manyoya ya kunguru.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

"Marahaba, mume wangu," akajibu bibi wa mchumba wangu. "Umekuja kuoa au kuuza mkaa?"

Ua mzima ukacheka. Bibi na mume wa mjukuu ni watani, lakini utani ule ulikuwa na meno: wazazi walikwisha kukubali, neno la mwisho lilikuwa lake. Akasema hamtoi mjukuu bure kwa mwalimu wa jiografia.

"Niambie, moshi huu unaleta joto au baridi? Ukikosea, rudini Kilosa."

Mjomba akaninong'oneza, "Sema joto, tule."

"Vyote viwili, bibi."

"Jibu la mwenye wake wawili!"

Tulikuwa juani. Nikamwomba aguse mtandio wake mweusi, kisha bega langu. Mtandio ulikuwa wa moto, kanzu ina ubaridi. Nikamweleza kuwa angani ni vivyo hivyo. Chembe nyeusi za masizi hunywa jua na kupasha hewa moto. Ule ukungu mweupe wa moshi, na vumbi jingi, hurudisha juu sehemu ya mwanga, ardhi ikapata nafuu. Tena mvuke haujigeuzi wingu peke yake. Kila tone huanza kwa kushika chembe ndogo isiyoonekana, na wingu hutupa kivuli.

"Kwa hiyo tuchome zaidi, tupoe?"

Swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa darasani.

"Hapana, bibi. Chembe hizi hudumu siku chache, mvua ikazisafisha. Hewa ya ukaa ya magari na viwanda hubaki miaka mingi, ikitushikia joto. Na chembe zenyewe tunazivuta vifuani."

Bibi akamtupia jicho mjomba, kisha akawageukia watu wake.

"Huyu hadanganyi hata akiwa na njaa. Mpeni."

Kutoka chumbani kikapasuka kigelegele kimoja, kikakatika ghafla. Baadaye mke wangu aliniambia kuwa mama yake ndiye aliyemziba mdomo.