Mama Ngao na Pigo la Tatu

Saa tisa na dakika hamsini alasiri. Mama Ngao anajifuta viganja kwenye gauni, mara mbili mbele, mara mbili nyuma, kisha anashika padi ya kuchezea gemu. Kwenye skrini, daraja la mawe limelala ndani ya ukungu. Upande wa pili limesimama jitu la chuma, nyundo begani.

Nyuma yake watu kumi na wanane wamebanana katika chumba cha watu kumi. Hakuna anayekohoa. Mashine tatu za mpira zimeachwa zikiwaka zenyewe. Wachezaji wa mashine hizo wamekuja kutazama kama mwanamke wa miaka arobaini na moja atakufa.

Tajiri, mwenye chumba hiki cha gemu, ameketi juu ya kreti la soda karibu kabisa na mashine namba nne. Kasha tupu la diski liko mapajani mwake, limefunguliwa tayari.

Sharti alilitoa juzi, nalo halina kona. Mama Ngao apigane na jitu hilo, Mlinzi wa Daraja, mara moja tu, mbele ya wateja. Akishinda, gemu hili la upanga linabaki. Akifa, diski inatoka, mashine namba nne inawekewa mpira kama wenzake, na yeye anayefagia na kufundisha anabaki na ufagio peke yake.

"Sina chuki naye," anasema Tajiri. "Lakini miezi mitatu sasa hakuna mteja aliyevuka lile daraja. Wanasema gemu bovu. Na watu wakishasema kitu ni kibovu, hata kiwe kizima, kimeshaoza."

Kutoka mlangoni, fundi baiskeli, mdogo wa mume wa Mama Ngao, anapaza sauti.

"Shemeji, leo tunakuzika! Sanda nimeshanunua!"

"Itunze," anajibu Mama Ngao bila kugeuka. "Wewe mara ya mwisho hata hilo jitu halikukuua. Uliteleza mwenyewe ukaangukia mtoni."

Chumba kinacheka.

Kwa miaka kumi na minne mama huyu alishona kola za mashati kiwandani, mstari wa sita, kola mia tatu kwa siku. Kiwanda kilipofungwa, wanawake kumi na watano wa mstari huo walitoka kwa lango moja na kila mmoja akashika njia yake. Yeye aliangukia hapa, kazi ya kufagia na kufuta skrini.

"Nilikuwa nafagia chini ya miguu yao huku nasikia wanavyokufa," anasema. "Sikuwa natazama, nilikuwa nasikia. Kila adui ana mdundo wake, kama cherehani. Sasa ndugu yangu, mtu aliyekaa katikati ya cherehani arobaini miaka yote hiyo, utamficha mdundo?"

Siku moja mteja alitupa padi kwa hasira, akaondoka muda wake haujaisha. Mama Ngao akaegemeza ufagio ukutani, akaketi. Hakumaliza dakika akawa amekufa. Kesho yake akaketi tena kabla wateja hawajaja, na kesho kutwa, na siku zilizofuata.

Nyuma ya mlango wa stoo kuna mistari ya chaki, mmoja kwa kila kifo alichokufa mikononi mwa Mlinzi wa Daraja. Ni mia moja sitini na mitatu. Pembeni, peke yake, kuna mistari miwili ya ushindi. Yote miwili aliipata asubuhi, chumba kikiwa kitupu.

"Shahidi wangu ni ufagio," anasema, "na ufagio haujaitwa mahakamani."

Anayedhani huu ni mchezo wa watoto, aje ajaribu somo lake la kwanza. Mwanafunzi hagusi padi. Anapewa mfuniko wa sufuria, anasimamishwa katikati ya chumba, kisha mwalimu anamjia na mwiko. Ko, ko, kimya, ko! Mfuniko unapanda pigo linapokuja, unashuka likishapita. Anayeuacha juu anachapwa goti.

Kosa la wote ni moja, nalo lina mzazi mmoja: woga. Mchezaji akitishika huinua ngao na kujificha nyuma yake. Lakini chini ya skrini kuna mstari wa kijani ambao wateja huuita pumzi, na ngao ikiwa juu, pumzi hairudi. Kila pigo linaimega. Ikiisha, ngao inadondoka yenyewe, na nyundo haijui huruma.

"Ngao si nyumba, ni mlango," husema Mama Ngao. "Ukihamia humo, utafia humo. Funga, fungua. Funga, fungua."

Siku nzuri huwa na wanafunzi saba, siku mbaya wawili. Muuguzi mmoja huja na sare yake akitoka zamu. Mifuniko hutoka nyumbani kwa mama mkwe wake Mama Ngao, na mama mkwe ana la kusema.

"Sina mfuniko hata mmoja ambao uso wake haujabonyea," analalamika. "Nikibandika maji, mvuke unatoka kila upande. Lakini tangu aanze kufundisha, mwanangu huyu anatembea kichwa juu. Basi, aibonyeze tu."

Saa kumi kamili. "Anza," anasema Tajiri.

Jitu lina mapigo matatu. Mawili ya kwanza hufuatana upesi. La tatu hucheleweshwa. Nyundo huning'inia hewani kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Hapo ndipo wateja wote walipozikwa, ngao juu, pumzi imekwisha.

Ko, ko. Mama Ngao anashusha ngao. Nyundo inaning'inia, mstari wa kijani unapanda, watu wanauma vidole. Ngao inapanda nyundo inaposhuka. Jitu linayumba. Upanga unaingia mara mbili, kisha anarudi nyuma.

Mzunguko wa pili. Wa tatu. Wa nne. Mstari wa damu ya jitu umebaki nusu.

Tajiri anajisogeza kwenye kreti. Kasha la diski mkononi mwake linajifunga: kak!

Ni sauti ndogo. Lakini Mama Ngao hupigana kwa masikio, na masikio yamesikia pigo ambalo halikuwepo. Anainua ngao mapema. Anajua amekosea, na kwa kujua anaogopa, na kwa kuogopa anafanya lile ambalo amewachapia magoti watu wazima: anaiacha ngao juu. Pigo la kwanza. La pili. Mstari wa kijani unafutika, ngao inadondoka, nyundo inamtupa chini.

Damu yake imebaki kama uzi. Pigo moja tu, hata dogo, na mambo yamekwisha.

"Shemeji, amka!" anapiga kelele fundi baiskeli. Sasa hatanii.

"Mama, mlango!" anaita muuguzi. "Mlango!"

Kwenye skrini anasimama. Kitini, mguu wake wa kulia unaanza kukanyaga sakafu, kisigino, vidole, kisigino, vidole, kama mtu aliye juu ya cherehani. Jitu linakuja. Ko, ko. Na pale ambapo kila mshipa wa mwili unamwambia ajifiche, anashusha ngao na kusimama wazi chini ya nyundo.

Mguu unahesabu. Ngao inapanda. Jitu linayumba.

Anarudia hivyo mara nne. Mara ya nne jitu linapiga magoti, linaporomoka, na ukungu unafunguka. Ng'ambo ya daraja kuna mji ambao hakuna mtu wa chumba hiki, ila yeye, aliyewahi kuuona.

Chumba kinalipuka.

"Sanda nitaivaa mwenyewe!" anasema fundi baiskeli, akijipenyeza hadi kwenye kiti. "Pisha, shemeji, zamu yangu."

Mama Ngao anamnyang'anya padi na kumpa mfuniko.

Tajiri anatazama foleni inayojipanga nyuma ya mashine namba nne. "Mwezi mmoja," anasema hatimaye. "Diski inakaa mwezi mmoja. Hawa watu wakiendelea kuja, hatutaizungumzia tena."

Baadaye, stoo, Mama Ngao anachora mstari wa tatu wa ushindi.

"Wenzangu kumi na wanne wa mstari wa sita wako majumbani," anasema. "Masikio yao hayakufungwa pamoja na kiwanda. Nataka saa za asubuhi ziwe zao. Wajifunze, kisha wafundishe, hapa na kwenye vyumba vingine."

Anaweka chaki juu ya fremu ya mlango.

"Wa kwanza anakuja Jumatatu. Nimemwambia aje na mfuniko wake. Ya mama mkwe imekwisha."