Shimo Lililoacha Kunuka

Judith wa Mahongole aliitwa mwehu kwa sababu ya kusalimia shimo. Waache waseme! Kila asubuhi, baridi ikiwa bado inauma vidole, alimwaga kinyesi cha nguruwe na maparachichi yaliyokataliwa kiwandani, kisha akainama kwenye mdomo wa mtambo wake wa biogesi: "Kamwene!" Humo gizani vilikaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikila uozo ule na kutoa gesi ya kupikia. Anayekuivishia ugali kila siku utamnyimaje salamu? Nalo shimo liliitikia, blup, taratibu, mpaka nywele zikamsimama.

Tatizo lilikuwa Yusto, mumewe, mbishi kupita kiasi. Alichoka kutoa kokwa, akamimina maparachichi mazima mazima. Kokwa zikaziba bomba, jiko likazimika. Basi Yusto akafungua mfuniko, akachota tope kwa ndoo, mtaa mzima ukaziba pua. Alipoanza kukoroga masalia kwa mti mrefu, ile harufu ya mayai viza ikakata ghafla.

"Umeona, Mama Nelly? Pamekuwa safi. Nashuka nikazitoe kokwa."

Judith akainama. Kweli, hapakunuka kitu. Wala hapakusikika kitu. Akakumbuka. Methusela, fundi wa Makambako aliyewajengea, aliwaonya kwamba gesi mbaya ikizidi, pua ndiyo hufa kwanza.

"Baba Nelly, usishuke!"

"Acha woga wako bwana." Mguu mmoja ulishakuwa kwenye ngazi.

Alimvuta kola mpaka akaanguka chali. Kisha akakamata kuku wake wa mayai, akamtia kwenye tenga, akamshusha kwa kamba. Kuku alilia, akapiga bawa, akanyamaza. Walipomvuta juu, shingo ilikuwa imelegea.

Yusto, anayeweza kubishana hata na mvua, hakubisha. Alikaa pale chini na tabasamu la mtu aliyeota ndoto nzuri, na tabasamu hilo lilimtisha Judith kuliko yule kuku.

"Mke wangu," alisema polepole, "nilipoinama pale nilisikia usingizi mtamu, sijapata kuuonja. Nilikuwa nakwenda kulala tu."

Judith akamshika shati kwa mikono miwili. Hakuliachia walipofunika shimo, hakuliachia walipoingia ndani, na Yusto alipomwomba amwache walau alivue, alikataa huku analia.